Aliyetafuta Nyumba Isiyo na Moshi

Kabla ya kuingia nyumba ya mtu, Mhudumu aligusa mlango kwa mgongo wa mkono. Aligusa, akangoja kidogo kama anayepima homa ya mtoto, ndipo akaita hodi. Sisi wa Heru Juu tulidhani hiyo ndiyo salamu ya Dar es Salaam. Mama mmoja jirani yetu akaanza kumwiga. Kila akija kwangu anaugusa mlango vile vile, anajiona mtu wa mjini. Siku moja Mhudumu alimkuta akifanya hivyo, akamwuliza:

"Mama, umesikia joto?"

"Joto la nini tena? Si ndiyo adabu yenu?"

Mhudumu alicheka mpaka akaanza kukohoa, na akianza kukohoa alichukua muda kurudi. Aliporudi alitueleza kwamba mlango ukiwa na joto, nyuma yake kuna moto. Kiganja kikiungua huwezi kushika kitu tena, lakini mgongo wa mkono ukiungua kazi inaendelea. Yule mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kwangu nyuma ya mlango moto upo siku zote. Ungeugusa kila siku ungekuta ni wa moto." Tukacheka tena wote watatu.

Nimeamua kumwandika kwa sababu siku ya mazishi yake waliosimama walisema tu kwamba aliwahi kuruka angani na kuona dunia. Hawakusema uongo, lakini mtu niliyemjua hakuwa huyo. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Nitaandika niliyoyaona, na nisiyoyajua nitasema siyajui. Alipokaa kwetu alitaka kitu kimoja tu, chumba cha kulala kisicho na moshi. Ukilisoma ni jambo dogo. Hatukuweza kumpa.

Jina la Mhudumu lilimletea taabu tangu siku ya kwanza. Kaka yake, aliyempokea, alikuwa mtu wa maneno machache. Watu walipomwuliza huyu dada aliyeshuka kwenye lori na viatu virefu ni nani, alijibu, "Dada yangu. Ni mhudumu." Kwetu mhudumu tulimjua mmoja tu, yule wa zahanati anayeosha vidonda na kugawa vidonge. Kesho yake asubuhi uwanja wa kaka yake ulijaa. Walikuja wenye vidonda vya miguu, walikuja wenye watoto wanaoharisha, na mzee mmoja alikuja na jino lake mkononi, tayari limeshang'oka, anataka lirudishwe.

Mhudumu alitoka akawasalimia kwa Kiha, "Mwakeye," halafu akawaambia ukweli. "Jamani, mimi si wa hospitali. Nilikuwa mhudumu wa ndege."

Mama mmoja akauliza, "Ndege nao wanaugua?"

Ilibidi aeleze kwamba ni ndege ya chuma, ile inayopita juu, na kwamba kazi yake ilikuwa kuwaketisha watu, kuwafunga mikanda na kuwapa chai. Wengi waliondoka wamekasirika kidogo. Kumpa mtu chai tu, ndiyo kazi ya kupewa viatu virefu? Lakini baadhi walibaki, naye alikuwa amefundishwa kidogo mambo ya kuungua na kuzimia, akawasaidia alivyoweza. Tangu siku hiyo hakuacha kuwa mhudumu wa watu. Na kwa kuwa wengi waliomjia walikuwa na kikohozi na macho mekundu, aliwapa wote dawa moja: "Toeni moto nje. Pikieni nje." Walimshukuru, wakarudi nyumbani, wakamwambia mhudumu wa kweli awape vidonge.

Niseme nyumba zetu zilikuwaje miaka ile ya sabini. Moto ulikuwa ndani, kati ya mafiga matatu, na moshi ulitafuta njia yake kwenye nyasi za paa. Ulikausha mahindi yaliyoning'inia juu, ulifukuza wadudu, uliwatia watoto usingizi. Tulikuwa tumekwisha kuhamia kijijini, nyumba zimepangwa mstari. Zamani kila mtu alikaa kwenye shamba lake, na upepo wa mlimani ulipita kati ya mji wa huyu na mji wa yule. Sasa hata ukizima wa kwako, wa jirani unakufikia.

Yeye alipofika alilala chumba cha ndani kwa kaka yake, ukuta mmoja na jiko. Baada ya siku chache nilimkuta asubuhi ameketi nje kwenye umande, amejifunika khanga mbili, midomo imebadilika rangi.

"Dada, umeamka mapema."

"Sijalala, mdogo wangu," akasema. Kisha akanitazama. "Wewe ukiulizwa kitu unasema kweli?"

"Najitahidi."

"Kwangu mimi harufu zote zimechanganyika. Nenda ndani, urudi uniambie kama kuna harufu ya kitu kisicho kuni."

Niliingia. Kulikuwa na kuni na maharage yaliyoungulia kidogo. Nikamwambia hivyo. Akashusha pumzi. Hakuwa anaogopa kuni. Aliogopa kwamba nyuma ya harufu ya kuni kuna nyingine imejificha.

Hiyo nyingine ndiyo sijaielewa mpaka leo, nami nitaieleza kama alivyonieleza vipande vipande, tukichambua maharage. Hakuwahi kuisimulia yote kwa mara moja.

Alisema kuna moshi na kuna harufu. Moshi aliwahi kukutana nao siku moja tu, katika ndege ndogo yenye mapanga yanayozunguka, iliyotoka Kigoma kwenda Tabora na Dar es Salaam. Mhudumu alikuwa yeye peke yake, na mbele marubani wawili. Wakiwa juu, aliona utando wa kijivu ukipanda kutoka sakafuni upande wa nyuma. Alikwenda akigusa ukuta kwa mgongo wa mkono mpaka akapata mahali palipo na joto. Akamwambia rubani kwa simu ya ndani, akachukua mtungi wa kuzimia moto, akapulizia pale kwenye upenyo. Kisha akalowesha vitambaa vya meza kwa maji ya chai, akamgawia kila mtu, akawaambia wajifunike mdomo na pua na wainamishe vichwa, kwa maana hewa nzuri hukaa chini. Alitaka kuwasogeza wote mbele, rubani akamkataza. Wakikaa wote upande mmoja ndege itaelemea. Ikabidi achague nani asogee na nani abaki.

"Ulichaguaje?" nilimwuliza.

"Wenye watoto."

"Na waliobaki?"

"Niliwaambia hakuna wasiwasi. Kila siku ya kazi nilisema uongo huo mmoja. Siku hiyo niliusema kwa sauti ya chini sana, ndipo wakaniamini."

Hiyo sauti niliijua. Paa la jirani yetu liliposhika moto mchana mmoja, watu wote walikuwa wanapiga kelele na kugongana mlangoni na magodoro. Yeye aliingia ameinama, akamkuta bibi wa nyumba ile ameshikilia nguzo, hataki kutoka. Akamwambia sikioni, polepole, kama anayemkaribisha ugali, "Bibi, inuka twende." Bibi akainuka. Kadiri hatari ilivyozidi ndivyo alivyozidi kunong'ona. Kwa hiyo sisi tuliomzoea, akituambia jambo kwa sauti ya kawaida tulitulia, akinong'ona tulisimama.

Ndege ilishuka salama. Watu walitoka wakikohoa, wakaketi kwenye majani pembeni ya uwanja. Katika waliobaki nyuma alikuwamo mzee mmoja wa kwetu, Muha kabisa, anapelekwa Dar es Salaam kutazamwa macho. Kiti chake kilikuwa pale pale palipotokea moshi. Mhudumu akamwendea na maji.

"Mzee, wewe moshi uliusikia lini?"

"Tangu tulipoinuka."

"Tangu tulipoinuka! Mbona hukuniita?"

Mzee akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama binti aliyekulia mbali. "Mwanangu, mgeni hasemi moshi wa nyumba ya watu."

Aliponisimulia hapo alicheka, nami nilicheka. Ni kweli. Kwetu ukikaribishwa ndani na moshi ukakutoa machozi, unafuta machozi na kusifu chakula. Ukisema moshi, umesema mwenye nyumba ni mchafu, hajui kuchagua kuni. Yule mzee aliiona ndege ni nyumba ya Mhudumu, na yeye ameketishwa vizuri, amepewa chai. Angewezaje kumwaibisha? Alifuta machozi yake, akanyamaza, na chini ya miguu yake pakaendelea kuungua.

Kisha Mhudumu aliacha kucheka. "Na mimi sasa ni mgeni kwa kaka yangu," akasema.

Kwa kuwa hakuna aliyekufa siku ile, hapakuwa na maswali mengi. Alipumzishwa kidogo, akarudi kazini. Ila yeye alisema kilichomharibu si moshi ule. Ni harufu iliyokuja baadaye, katika ndege nyingine, asubuhi mashine zikiwashwa. Ilitoka kwenye matundu ya hewa, harufu kama soksi zilizolowa zikasahaulika, na haikuwa na rangi wala utando. Wakishafika juu inapotea. Abiria walidhani ni miguu ya jirani. Mafundi walifungua, wakaangalia, wakafunga, hawakuona kitu. Rubani mmoja naye aliumwa kichwa lakini alikuwa na watoto wengi, hakutaka kusema. "Moshi una adabu," alikuwa akisema Mhudumu. "Unajionyesha, unakwambia nimefika. Ile harufu ilikuwa mwizi."

Mikono ikaanza kumtetemeka. Maneno yakampotea katikati ya sentensi. Siku moja alimmwagia abiria chai mapajani, na wakubwa wakasema amekunywa pombe. Hakuwa mnywaji. Aliondoka kazini na jina hilo.

Je, ni ile harufu kweli? Mimi sijui. Mganga wa hospitali ya Kasulu alimpima, akampa klorokwini, akamwambia malaria sugu huleta mambo hayo. Mara nyingine akampa dawa ya kifua. Hakuwa mtu mbaya yule mganga, alimsikiliza vizuri, akasema, "Dada, hewa uliyoivuta mwaka juzi itakaaje ndani mpaka leo?" Tukarudi kwa miguu. Njiani Mhudumu aliniambia, "Angekuwa ameniona mwongo ningekasirika. Lakini ameniona mgonjwa wa kawaida tu." Na kijijini nako, kwa vile kibuyu kilitetemeka mkononi mwake, wengine walisema lile lile la wakubwa wake.

Asidhaniwe alikuwa mtu wa huzuni wakati wote. Alikuwa na maringo. Viatu vile virefu alivivaa kanisani hata masika, vikazama kwenye tope, akavichomoa kimoja kimoja na kuendelea mbele bila kuona haya. Vijana wakamwita Bibi wa Angani. "Bibi wa Angani, ardhi imekushika!" Naye akajibu, "Inanipenda. Nyie mbona inawaacha mnazurura?" Kanisani aliketi benchi la nyuma karibu na mlango. Katekista akamtania mbele za watu kwamba kuna wengine wanajiandaa kukimbia mahubiri. Akajibu kutoka kule kule nyuma, "Si mahubiri, Baba. Nachunguza tutatokea wapi wote." Ni kweli alichunguza. Katika kila arusi na kila mkutano alijua mlango uko wapi, dirisha lipi linafunguka, mama yupi ni mjamzito, mzee yupi hawezi kukimbia.

Na huyu aliyekimbia moshi maisha yake yote alipenda mgebuka, samaki wa ziwani, aliyekaushwa kwa moshi kuliko chakula chochote duniani. Samaki huyo akiletwa kutoka Kigoma alimnusa kwanza akiwa amefumba macho. Nilimwuliza inakuwaje. "Moshi huu umeshamaliza kazi yake," akasema, akaendelea kula. Kibatari je? Hakukitaka kabisa chumbani. Alikaa gizani, na ukipita ukasikia sauti yake ikiimba polepole gizani ungeweza kuogopa.

Nyumbani kwa kaka yake mambo yaliharibika kidogo kidogo. Wifi yake alikuwa mwanamke mwema, mchapakazi, anayeamka kabla ya jogoo kuwasha moto ili Mhudumu akiamka akute uji. Hiyo ndiyo heshima aliyoijua. Mhudumu akiusikia moto unapulizwa alitoka nje na blanketi lake, na uji akaunywea uani. Siku nyingi alijizuia. Alifuta machozi na kusifu uji. Lakini kikohozi hakikujua adabu, na mvua ilipoanza hakuwa na pa kutokea.

Mimi ndiye niliyekwenda kusema, maana mimi sikuwa mgeni wala si wa nyumba ile. Nilimkuta wifi anachagua mchicha.

"Mama," nilimwambia, "mgonjwa wetu moshi unamzidi. Hatuwezi kupika chini ya kibanda huko nje, moto wa ndani ukazimwa kabisa?"

Aliacha mchicha. "Kuzimwa?"

"Kwa maji. Maana ukifunikwa majivu bado unatoa moshi."

"Wewe umezaliwa wapi?" akaniuliza. "Unataka nimwage maji kwenye mafiga, kana kwamba kuna maiti ndani?"

Nilijua atasema hivyo. Kwetu moto wa nyumba hulazwa kwenye majivu jioni na kuamshwa asubuhi. Humwagiwa maji siku moja tu, siku ambayo mtu wa nyumba ile amefariki. Majirani wakiona mafiga yamelowa hawaulizi, wanaanza kulia.

"Mimi mgonjwa wangu sitamwita marehemu," akasema wifi, na machozi yalimtoka kweli. "Na watu watasema nilimwombea kifo kwa sababu ni wifi yangu."

Kaka mtu naye nilimwambia, ajenge kachumba kadogo pembeni kasicho na mafiga. "Nyumba isiyo na moto analala nani?" akasema. "Nimjengee dada yangu kaburi lenye mlango?" Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Niliwatazama wote wawili, na sikumwona mbaya. Wangekuwa wabaya ningepata wa kugombana naye.

Ndipo ikaamuliwa aende Kibondo kwa mdogo wake, ambaye jiko lake lilikuwa banda la nje, mbali na nyumba ya kulala. Alifurahi kama mtoto. Alipopanda lori aligusa bati la mlango kwa mgongo wa mkono, dereva akamwuliza anapima nini. "Nakupima wewe kama unatufikisha," akasema, na watu wote mle juu wakacheka. Habari zilizotufikia baadaye zilikuwa njema. Analala. Anaimba. Amenenepa.

Kisha zikaja nyingine, kwamba hawezi kuinuka tena. Nilisafiri kumwona.

Nilifika Kibondo wakati wa mvua, mchana. Mdogo wake, mama mwenye uso kama wake ila mnene zaidi, alinipokea kwa furaha, akanishika mkono mpaka mlangoni. "Tunamtunza," akasema. "Hatumwachi na baridi hata kidogo." Nilipoingia sikuona kitu. Macho yaliniwasha. Tangu ashindwe kuinuka walikuwa wameuleta moto ndani, mafiga matatu miguuni pa kitanda chake, maana mgonjwa wa kulala ni lazima awashiwe moto. Nani angemwacha mgonjwa kwenye nyumba baridi? Walikuwa wanapokezana kuutunza.

Alikuwa amegeukia ukutani. Kikohozi chake hakikuwa na nguvu tena, kilikuwa kama mtu anayebisha hodi akiwa hana hakika kama kuna watu. Alinitambua kwa sauti. Alininong'oneza, nami nilijua maana ya kunong'ona kwake.

"Uzime."

Nilimtazama mdogo wake. Yeye naye alikuwa amesikia. Akatikisa kichwa. "Dada, usiniambie hivyo. Usinifanye mimi ndiye niliyeumwagia maji."

"Nitaumwagia mimi," nikasema. "Mimi si wa nyumba hii. Likiwa kosa, ni la mgeni."

Mdogo wake alitoka nje akasimama uani na kutazama upande mwingine. Hiyo ndiyo ruhusa aliyoweza kutoa. Nilichukua mtungi wa maji uliokuwa pembeni, nikamwaga. Moto ulipiga kelele, ukatoa mvuke mwingi, halafu ukanyamaza. Nilifungua mlango na kile kidirisha. Hewa ya mvua iliingia. Moshi uliondoka polepole ukipita juu ya vichwa vyetu, na kwa mara ya kwanza niliona rangi ya blanketi lake.

Nikaketi kitandani. Kikohozi kilipungua, kikakoma. Alivuta pumzi moja ndefu, akaitoa, akavuta nyingine. Kifua chake kilipanda na kushuka kama cha mtu anayelala. Nadhani alikuwa amelala kweli. Sijui tulikaa hivyo muda gani, lakini ulikuwa muda mzuri.

Akaja jirani, bibi mtu mzima, na bakuli la uji kwa ajili ya mgonjwa. Aliingia kwa kuinama kama ilivyo desturi, macho yake yakafikia chini kwanza. Akaona mafiga yamelowa na majivu yametapakaa. Akatega sikio, hakusikia kikohozi. Bakuli lilimwanguka. Kabla sijafungua mdomo, mikono ilikuwa kichwani na yuko uani anapiga yowe la msiba.

"Bibi!" niliita. "Bibi, ni mzima!" Nani husikiliza? Nyumba za Kibondo nazo zilikuwa zimepangwa mstari. Yowe lilipokelewa nyumba ya pili, likapokelewa ya tatu. Wanawake walitoka mashambani na majembe mabegani, wakayatupa njiani. Mdogo wake mwenyewe, aliyekuwa nje na aliyejua vizuri nimefanya nini, aliposikia vilio vile alianguka chini akalia na yeye. Watoto wake wakamrukia. Nilisimama mlangoni nikipunga mikono, na kila aliyeniona alidhani naomboleza.

Nikarudi ndani. Alikuwa amegeuka, macho wazi, anasikiliza. Walikuwa wanamwita kwa majina ya sifa, wanasema alikuwa mpole, alikuwa hana neno na mtu, nani sasa atawachekesha. Walikuwa wanalia kweli, si kilio cha kuonyesha. Mmoja alisema kwamba siku zote hizi alikuwa anataka kuja kumwona lakini shamba lilimzuia.

"Wanasema vizuri," akasema.

"Nitawaambia waondoke," nikasema. "Nitawaingiza mmoja mmoja wakuone."

"Hawatakuamini mpaka waone moto." Alipumzika kidogo. "Na yule mtoto anaogopa. Msikilize."

Kweli mtoto wa mdogo wake alikuwa analia kwa sauti ya peke yake, juu ya sauti nyingine zote, anaita mama yake ambaye hakuwa akimjibu.

"Dada, umepumua kidogo tu," nikamwambia. "Ngoja kidogo. Wacha walie."

Alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kama siku zote. Safari hii hakunong'ona. Alisema kwa sauti yake ya kawaida kabisa, ile aliyotumia kuomba chumvi:

"Kawashe, mdogo wangu."

Nilitoka. Nilipita kati ya wanaolia, nikaenda hadi kwa jirani, nikaomba moto. Walinipa kaa la moto kwenye kigae bila kuniuliza, wakinitazama kwa mshangao, kwa sababu hakuna anayeomba moto kwenye msiba. Mmoja aliacha kulia, akanyoosha kidole kwenye kigae changu. Mwingine akanyamaza. Nilipokuwa narudi kimya kilinifuata nyuma, nyumba baada ya nyumba.

Niliingia nikafunga kidirisha kama walivyokuwa wamekifunga. Nilipanga kuni kati ya mafiga, nikapiga magoti, nikapuliza. Kuni zilikuwa mbichi.